SALAMANDA SI MJUSI: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA AMFIBIA WA MSITUNI

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache zinazomkabili mfasiri pale habari za salamanda wa misituni na nafasi yake katika mazingira zinapoletwa katika Kiswahili. Huenda msomaji akauliza: salamanda anatuhusu nini sisi, ilhali Afrika kusini ya Sahara haina salamanda wa asili hata mmoja? Swali hilo ni la haki, na ndilo lililotusukuma kuandika. Maandishi mengi ya elimu ya viumbe yanayofika mikononi mwa wafasiri wetu yameandikwa Ulaya na Marekani, nayo hutoa mifano ya huko. Mwalimu wa Mwembesongo, mjini Morogoro, akipewa somo la jinsi ya kumtambua salamanda, hana budi kulifikisha kwa watoto ambao wakiinua macho wanaiona milima ya Uluguru. Katika milima hiyo wamo amfibia wenyeji ambao maisha yao yanakaribiana sana na ya salamanda huyo, na baadhi yao hawana jina lililotulia katika Kiswahili sanifu. Istilahi tutakayomchagulia mgeni inaweza kumfafanua mwenyeji, au kumfunika kabisa.

Mnyama mwenyewe

Kabla ya kupima jina, yafaa tumjue mwenye jina. Salamanda wa misituni ni wa jenasi iitwayo Plethodon, yenye spishi zaidi ya 50, zote za Amerika ya Kaskazini. Ajulikanaye zaidi ni yule mwenye mgongo mwekundu, ambaye kwa kawaida urefu wake ni sentimita 6 hadi 10 hivi. Mnyama huyu hana mapafu. Hupumua kwa ngozi na kwa utando wa kinywa, na kwa sababu hiyo ngozi yake haina budi kuwa na unyevu daima. Mchana hujificha chini ya magogo, mawe na majani yaliyoanguka. Usiku, hasa wa mvua, hutoka kuwinda. Jike hutaga mayai machache mahali penye unyevu katika nchi kavu, huyalinda, na watoto huanguliwa wakiwa na umbo kamili la wazazi wao. Hapana hatua ya kiluwiluwi, wala mtoto hahitaji kijito cha kuogelea.

Alama za kumtambulisha ni hizi: hana magamba, hana kucha, hana tundu la sikio. Ana vidole vinne katika kila mguu wa mbele na vitano katika kila mguu wa nyuma. Ubavuni ana mifuo inayoshuka kutoka mgongoni kuelekea tumboni, na wataalamu huihesabu ili kutofautisha spishi na spishi. Tena ana mfuo mwembamba utokao puani hadi mdomoni, ambao humsaidia kunusa vitu vya ardhini.

Kuhusu nafasi yake msituni, uchunguzi mashuhuri ni ule wa Burton na Likens, uliotolewa mwaka 1975, katika msitu wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire, Marekani. Waligundua kwamba jumla ya uzito wa salamanda wa msitu huo ilikuwa kama mara mbili ya uzito wa ndege wote katika kilele cha msimu wao wa kuzaliana, na ilikaribia kulingana na ile ya wanyama wadogo wanyonyeshao. Mnyama ambaye mpita njia hamwoni kumbe ni sehemu kubwa ya uhai wa msitu. Hula wadudu na viumbe vingine vidogo vinavyosagasaga majani yaliyoanguka, naye huliwa na nyoka, ndege na wengineo. Kwa njia hiyo chakula kilichomo katika vijidudu visivyoonekana kwa urahisi hupanda hadi kwa wanyama wakubwa.

Hoja ya mjusi

Mfasiri aliye na haraka huona picha ya kiumbe chenye miguu minne, mkia mrefu na kichwa kidogo, naye hupata jibu papo hapo: mjusi. Akiwa mwangalifu zaidi huongeza kivumishi, akapata "mjusi wa maji", "mjusi wa msituni" au "mjusi laini". Hoja yake ni kwamba mtoto anamjua mjusi, na ualimu mwema huanza na linalojulikana.

Hoja hiyo inachanganya mambo mawili: jina na maelezo. Katika maelezo hapana ubaya kusema kwamba salamanda ana umbo linalofanana na la mjusi. Kufanya hivyo ni kumsaidia msomaji. Lakini katika jina, Kiswahili kina utaratibu wake. Neno linalotangulia ndilo linalotaja jamii, na neno linalofuata hubagua aina katika jamii hiyo. Mjusikafiri ni mjusi. Hivyo anayesikia "mjusi wa maji" atakuwa na haki ya kufahamu kwamba huyo ni mjusi mmojawapo, anayependa maji. Hapo somo zima limeharibika kabla halijaanza, maana mjusi ana magamba, ana kucha, ana mapafu, na akitaga, yai lake lina ganda linalozuia maji yasipotee. Salamanda hana hata kimoja kati ya hivi kwa namna hiyo. Mwanafunzi ataulizwa katika mtihani tofauti baina ya reptilia na amfibia, na istilahi yenyewe itakuwa imekwisha kumpa jibu la makosa.

Wapo watakaosema kwamba lugha imekwisha kuuvunja utaratibu huo, kwani batamzinga si bata, na hakuna aliyepotea kwa sababu hiyo. Ni kweli. Lakini batamzinga ni jina lililozaliwa uani na sokoni, ambako haja ni kumtambua ndege wa kufugwa na bei yake. Istilahi ya biolojia huundwa makusudi ili kueleza uhusiano wa kiumbe na kiumbe. Neno la sokoni likikiuka utaratibu, watu huzoea. Istilahi ikiukiuka, inashindwa kazi iliyoundiwa.

Zaidi ya hayo, "mjusi wa maji" ni kosa mara mbili. Salamanda wa misituni haishi majini na hakulii majini. Mfasiri amemnyima jamii yake, kisha akamhamisha makao yake.

Kwa hiyo tunaunga mkono neno "salamanda". Asili yake ni Kiyunani, nalo limepita katika Kilatini na kuenea katika lugha nyingi. Linatamkika bila taabu, kila silabi yake ni ya Kiswahili, na linaingia katika ngeli ya viumbe bila kubadilika: salamanda huyu, salamanda hawa. Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi hututaka kwanza kutafuta katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa salamanda hatua tatu za kwanza hazitarajiwi kutoa kitu, kwa kuwa mnyama mwenyewe hayupo katika Afrika kusini ya Sahara. Kukopa hapa ni haki kabisa.

Neno amfibia na maelezo yake

Neno "amfibia" limekubalika, nalo halina mgogoro. Mgogoro uko katika maelezo yanayoambatana nalo. Maelezo ya mazoea husema kwamba amfibia ni mnyama aishiye nchi kavu na majini, au kwamba huanza maisha majini akiwa na matamvua na kuyamaliza nchi kavu akiwa na mapafu. Hiyo ni tafsiri ya mizizi ya neno la Kiyunani, yenye maana ya maisha ya pande mbili. Lakini maana ya mzizi wa neno si lazima iwe maana ya istilahi.

Tumekwisha kuona kwamba salamanda wa misituni hayapitii maisha hayo. Hata hivyo hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Katika misitu ya Uluguru wamo vyura wa jenasi Nectophrynoides, miongoni mwao Nectophrynoides tornieri na Nectophrynoides viviparus, ambao hawatagi mayai majini. Mimba hukua tumboni mwa mama, na huzaliwa vyura wadogo waliokamilika. Mtoto wa Morogoro anayekariri kwamba kila chura huanza kama kiluwiluwi anakariri jambo ambalo mlima ulio mbele yake unalikanusha.

Tunapendekeza maelezo yasomeke hivi: amfibia ni mnyama mwenye uti wa mgongo, ambaye joto la mwili wake hufuata mazingira, mwenye ngozi yenye unyevu isiyo na manyoya wala magamba ya nje, na ambaye yai lake halina ganda, spishi nyingi, lakini si zote, hukulia majini katika hatua ya kiluwiluwi. Maelezo haya ni marefu kuliko yale ya mazoea, lakini yanawaingiza wote wanaostahili kuingia.

Hapa yafaa pia kuwapa wafasiri faraja ndogo. Kiingereza kina majina mawili ya vyura, moja la wenye ngozi laini na jingine la wenye ngozi ya mabaka na vinundu, na wafasiri wengine hutaabika kutafuta neno la pili. Katika elimu ya uainishaji mgawanyo huo hauna msingi imara; wote ni wa oda moja. Neno letu "chura" linatosha, na likihitaji kubaguliwa, libaguliwe kwa kivumishi au jina la mahali. Mfano mwema ni chura wa Kihansi, ambaye ni wa jenasi hiyo hiyo ya Nectophrynoides. Alielezwa kisayansi mwaka 1999, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka katika makao yake ya asili, akarudishwa Tanzania kutoka Marekani mwaka 2010, na kuachiwa tena katika bonde la Kihansi kuanzia mwaka 2012. Katika safari hiyo yote jina lake la Kiswahili lilikuwa moja, fupi na la wazi. Mwandishi wa gazeti, mtumishi wa serikali na mwanafunzi waliweza kulitamka na kujua anayesemwa ni nani.

Mwenyeji asiye na jina

Sasa tuje kwa mnyama wa Uluguru anayestahili zaidi kulinganishwa na salamanda. Ni amfibia asiye na miguu kabisa, anayeishi ndani ya udongo na chini ya majani ya msituni. Mwaka 1928 Thomas Barbour na Arthur Loveridge walieleza kutoka milima hiyo spishi mbili za kundi hili: Scolecomorphus uluguruensis na Boulengerula uluguruensis. Karibu karne moja imepita tangu sayansi iwape jina la Uluguru, lakini kitabu cha shule cha Kiswahili hakina neno moja thabiti la kuwaita.

Majina yanayomjia mfasiri kwanza ni mawili, na yote mawili hayafai. La kwanza ni "nyungunyungu mkubwa". Kwa mbali mnyama huyu hufanana na nyungunyungu kweli, kwa sababu mwili wake umezungukwa na pingili kama za muwa. Lakini nyungunyungu hana mfupa, hana taya, hana meno. Mnyama wetu ana uti wa mgongo, fuvu gumu la kuchimbia, na meno makali. Na miongoni mwa vyakula vyake ni huyo huyo nyungunyungu. Kumpa mlaji jina la aliwaye ni mchezo mbaya katika somo la ikolojia.

La pili ni "nyoka kipofu". Hili ni baya zaidi. Kwanza, si nyoka: hana magamba ya nje, wala hana ulimi wa panda. Pili, wapo nyoka wa kweli wadogo wachimbao ardhi ambao jina hilo linawafaa, nao wanapatikana Tanzania. Kuwaweka wote chini ya jina moja ni kuondoa tofauti ambayo istilahi iliitwa kuileta. Tatu, upofu wenyewe una maelezo. Wanyama wa jenasi Scolecomorphus wana kipapasio kila upande wa uso, na jicho limeambatana na kipapasio hicho, hata kikitokeza, jicho hutoka nacho. Huyo hawezi kuitwa kipofu bila ya maelezo ya kurasa mbili.

Kuna sababu nyingine, nayo haimo katika vitabu. Mnyama aitwaye nyoka hupigwa jembe kabla hajatazamwa. Afisa anayewaeleza wakulima wa mitelemko ya Uluguru kwamba "nyoka kipofu" hana sumu na ahifadhiwe, anaanza kazi yake akiwa nyuma: jina alilolitamka linamkana kabla hajamaliza sentensi.

Lipo neno la tatu, nalo ni mkopo: "sesilia". Asili yake ni Kilatini, na maana ya mzizi wake ni upofu ule ule, lakini katika Kiswahili maana hiyo haisikiki, kwa hiyo haidhuru. Linatamkika, linakubali upatanisho wa viumbe, na halimtaji nyoka wala mnyoo. Kwa matumizi ya vitabu na ripoti tunaona lifuatwe.

Hata hivyo hatutaki kuishia hapo. Kwa salamanda tulikopa kwa sababu mnyama hayupo kwetu. Kwa sesilia hatuna udhuru huo. Wanaolima Uluguru kwa vizazi na vizazi wanafukua udongo ule ule anamoishi, na utaratibu wa istilahi unaagiza kwamba lugha za Kibantu ziulizwe kabla ya Kilatini. Mfano tunao. Mwaka 2005 nyani wa milima ya kusini mwa Tanzania alipoelezwa kisayansi, alipewa jina alilokuwa akiitwa na Wanyakyusa, kipunji, na leo ndilo jina lake katika Kiswahili na katika sayansi ya dunia nzima. Mwaka 2002 chura mmoja wa milima ya Ukaguru, katika mkoa huu huu wa Morogoro, aliitwa na wataalamu Churamiti maridadi. Angalia kwamba hata katika jina hilo la kisayansi "chura" ametangulia na "miti" imefuata, kama utaratibu wetu unavyotaka. Ikiwa wageni wameweza kulifuata umbo la lugha yetu, sisi hatuna sababu ya kuliacha.

Maneno ya msitu

Yamebaki maneno matatu ambayo huambatana na somo hili na huleta makosa ya chini kwa chini.

La kwanza ni neno la Kiingereza linalobagua salamanda huyu, ambalo wanamisitu wa Tanzania wamezoea kulitumia kwa miombo. Mfasiri aliyezoea ripoti za misitu anaweza kuandika "salamanda wa miombo". Miombo hukauka miezi mingi ya mwaka, na mnyama apumuaye kwa ngozi hangeweza kuishi humo kwa namna anayoelezwa. "Salamanda wa misituni" yatosha.

La pili ni lile la majani, vijiti na magome yaliyoanguka juu ya ardhi ya msitu. Ukilitafsiri neno kwa neno utapata "takataka za msitu". Takataka ni kitu cha kufagiliwa na kuchomwa. Agizo la kuhifadhi takataka, likibandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, litaonekana la mzaha. Tunapendekeza "tandiko la majani". Neno hili lina udugu na "matandazo", ambalo mabwana shamba wamelizoea, na linaeleza kazi ya kitu chenyewe: kuifunika ardhi na kuitunzia unyevu. Tukumbuke kwamba Mto Ruvu, unaotegemewa kwa maji na jiji la Dar es Salaam, unaanzia Uluguru, na kwamba misitu ya milima hiyo iliwekwa chini ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Unyevu unaomweka hai amfibia na unyevu unaotunza chemchemi unalindwa na tandiko moja.

La tatu ni "jukumu". Husemwa kwamba mnyama fulani "ana jukumu" katika mazingira. Jukumu hupewa mtu mwenye hiari, naye huweza kuulizwa kama amelitimiza. Mnyama anakula, anazaa, analiwa. Matokeo yake ndiyo tunayoyachunguza. "Nafasi" ni neno sahihi zaidi. Vilevile "ikolojia" libaki kuwa jina la taaluma, na mahali penye viumbe na mazingira yao paitwe "mfumo wa ikolojia".

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza: "salamanda", pasipo kutanguliza mjusi, "salamanda wa misituni" kwa jenasi Plethodon, "chura" kwa wote wa oda hiyo, wenye ngozi laini na wenye vinundu, "sesilia" kwa amfibia wasio na miguu, "pingili" kwa mizunguko ya mwili wa sesilia, "kipapasio" kwa kiungo chake cha usoni, "mfuo wa ubavuni" kwa alama ya salamanda, "tandiko la majani", na "nafasi katika mfumo wa ikolojia".

Kuhusu "sesilia" tunaongeza sharti moja. Neno hilo litumike sasa, lakini lisifunge mlango. Walimu wa Morogoro wanaweza kufanya kazi ambayo ofisi haiwezi: kuwauliza wazee wa Kiluguru wa Matombo, Mgeta na Kinole wanamwitaje mnyama mrefu wa udongoni mwenye pingili, utelezi na meno. Kila jina liandikwe pamoja na kijiji lilikosikika na maelezo ya mnyama mwenyewe, ili lisije likawa jina la nyungunyungu au la nyoka. Likipatikana jina moja linalojulikana vijiji vingi na linalomhusu mnyama huyu peke yake, hilo lipewe nafasi ya kwanza kamusini, na "sesilia" lifuate kama kisawe chake.